Florence Nightingale: Mama wa wauguzi aliyepinga mtihani wa leseni

KILA ifikapo Mei 12, wauguzi kote ulimwenguni huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Wauguzi. Tarehe hiyo ilichaguliwa mwaka 1974 kwa sababu ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, Mwingereza ambaye shule aliyoianzisha iligeuka kielelezo cha mafunzo ya uuguzi katika nchi nyingi.

Hapa Kenya, jina lake hutajwa mbele ya mwanafunzi wa uuguzi hata kabla hajajifunza kupima joto la mgonjwa. Katika sherehe nyingi za kufuzu, wahitimu hushika mishumaa iliyowashwa na kula kiapo chenye jina lake, ijapokuwa si yeye aliyekitunga. Kiapo hicho kiliandikwa mjini Detroit, Marekani, mwaka 1893.

Hata hivyo, kiapo hakimpi mtu kazi. Mhitimu sharti afaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, asajiliwe na kupewa leseni, ndipo aruhusiwe kumhudumia mgonjwa akiwa muuguzi kamili. Vijana wengi hukesha usiku wakidurusu kwa ajili ya mtihani huo. Wanajua fika kwamba wakianguka, karo yote ambayo wazazi wao walijinyima ili kuilipa haitawafikisha wodini.

La kushangaza ni kwamba mama huyo wa uuguzi, ambaye picha yake hutundikwa katika kuta za vyuo, aliupinga mtihani wa aina hiyo kwa miaka na mikaka. Aliaga dunia kabla nchi yake haijauanzisha. Sababu za upinzani wake, pamoja na sababu za kushindwa kwake, zimo katika maisha yenyewe aliyoyaishi.

Binti wa tajiri

Nightingale alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Florence, Italia, wakati wazazi wake walipokuwa katika safari ndefu ya matembezi barani Ulaya. Akapewa jina la mji huo. Dadake mkubwa, Parthenope, alikuwa amezaliwa Naples mwaka mmoja awali, naye akapewa jina la kale la Kigiriki la mji wa Naples.

Babake, William Edward Nightingale, alikuwa mtu wa mali na mashamba. Familia ilikuwa na majumba mawili makubwa, Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire na Embley katika jimbo la Hampshire. Mzee huyo aliwasomesha binti zake mwenyewe nyumbani. Aliwafundisha Kilatini, Kigiriki, historia na falsafa, masomo ambayo wakati huo yalidhaniwa kuwa ya wavulana. Florence aliongezea hisabati, somo lililompendeza kuliko yote.

Mnamo Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliamini kwamba Mungu alikuwa amemwita amtumikie. Hakujua ni kwa kazi gani. Miaka ilipita akiwauguza jamaa na maskini wa vijijini, na polepole akatambua kwamba wito wake ulikuwa kuwahudumia wagonjwa.

Mwaka 1845 aliwaomba wazazi wake ruhusa ya kwenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya Salisbury, iliyokuwa karibu na kwao. Nyumba nzima ilichafuka. Mamake na dadake walifadhaika, na ombi likakataliwa katakata.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Katika enzi hiyo, wengi wa wanawake waliowauguza watu hospitalini Uingereza walikuwa maskini waliokosa kazi nyingine. Wengi wao hawakujua kusoma. Walifanya kazi ya kupiga deki na kumwaga uchafu pamoja na kuwalisha wagonjwa, na sifa ya ulevi iliwaandama popote walipokwenda. Hapakuwa na mtaala, mtihani wala leseni. Mtu aliajiriwa asubuhi na jioni akaitwa muuguzi.

Florence hakufa moyo. Alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kusoma kwa siri ripoti za hospitali za nchi mbalimbali, huku akinakili takwimu zake. Mwaka 1849 alimkataa Richard Monckton Milnes, mwanasiasa na mshairi aliyekuwa amemchumbia kwa miaka mingi, kwa kuwa aliona ndoa ingemfungia njia.

Safari ya Misri na Ugiriki ilimpeleka hatimaye hadi Kaiserswerth, karibu na Düsseldorf nchini Ujerumani, mwaka 1850. Huko mchungaji wa Kilutheri, Theodor Fliedner, alikuwa ameanzisha kituo kilichowafunza wanawake Wakristo kuwauguza wagonjwa. Mwaka uliofuata alirejea na kukaa takriban miezi mitatu.

Miezi hiyo michache ndiyo yaliyokuwa mafunzo yake makuu ya uuguzi. Yule ambaye angekuja kuwa mwalimu wa wauguzi wa ulimwengu hakuwahi kufanya mtihani wowote wa kazi hiyo.

Ajira yake ya kwanza aliipata Agosti 1853, akiwa na miaka 33. Aliteuliwa kusimamia nyumba ndogo ya kuwatunza wanawake wagonjwa katika barabara ya Harley, London. Hakulipwa mshahara. Babake alikuwa amekubali kumpa pauni 500 kwa mwaka za kujikimu.

Mambo aliyoyadai mara tu alipoingia yalionyesha ni msimamizi wa namna gani. Alitaka maji ya moto yafikishwe kwa mabomba katika kila ghorofa, pawe na chombo cha kuvuta chakula kutoka jikoni hadi juu, na kila mgonjwa awe na kengele ya kumwita muuguzi. Aliona kwamba muuguzi anayeshinda akipanda na kushuka ngazi hana nafasi ya kumtazama mgonjwa.

Funzo la Scutari

Mwaka 1854, Uingereza, Ufaransa na Milki ya Uturuki zilikuwa vitani dhidi ya Urusi katika rasi ya Crimea. Ripoti za William Howard Russell katika gazeti la The Times ziliwafichulia Waingereza jinsi majeruhi wao walivyokuwa wakiachwa bila huduma. Umma ulipandwa na hasira. Waziri aliyehusika na masuala ya vita, Sidney Herbert, ambaye alikuwa rafiki wa Nightingale, alimwomba aongoze kikosi cha wauguzi.

Aliondoka Oktoba 21 akiwa na wanawake 38, wakiwemo watawa wa Kikatoliki, masista wa Kianglikana na wauguzi wa kawaida wa hospitali. Walifika Scutari, ng'ambo ya mlangobahari wa Bosphorus kutoka Istanbul, Novemba 4.

Si kila aliyetaka kwenda alipata nafasi. Mary Seacole, mwanamke wa Jamaica mwenye asili ya Kiafrika na Kiskoti, aliyekuwa na uzoefu wa kutibu kipindupindu na homa ya manjano, alijitolea mjini London lakini akakataliwa. Yeye mwenyewe alishuku kwamba rangi ya ngozi yake ilichangia. Alisafiri kwa gharama yake na kufungua nyumba ya chakula na matibabu karibu na Balaclava, akawa kipenzi cha askari. Hakuwa na cheti cha mtu yeyote, na kwake pia swali la nani anastahili kuitwa muuguzi liliamuliwa na watu wachache waliokaa mezani.

Huko Scutari madaktari wa jeshi hawakuwafurahia wageni hao. Mwanzoni waliwazuia kuwagusa wagonjwa. Nightingale aliwaamuru wauguzi wake wangoje, wakashona mashuka na vitambaa hadi wimbi la majeruhi wa vita vya Inkerman lilipowafanya madaktari wenyewe kuomba msaada.

Hali ilikuwa ya kutisha. Hospitali ilijengwa juu ya mifereji ya maji taka iliyoziba. Wagonjwa walilala sakafuni, wakiwa na chawa, nguo zao zikiwa zimegandamana na damu. Waliouawa na kipindupindu, kuhara damu na homa iliyoenezwa na chawa walikuwa wengi mno kuliko waliouawa na risasi. Mnamo Februari 1855, zaidi ya wagonjwa 40 kati ya kila 100 waliotibiwa walifariki.

Mwezi Machi serikali ilituma tume ya afya iliyozibua mifereji, kuondoa mizoga, kupaka kuta chokaa na kurekebisha maji. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hadi takriban wawili kati ya kila 100.

Nightingale alirejea nyumbani Agosti 1856 akiwa shujaa wa taifa, mwanamke wa taa aliyezunguka wodini usiku. Lakini alipoketi na mtaalamu wa takwimu, William Farr, kuzichambua hesabu za vifo, ukweli ulimchoma. Usafi mbovu wa hospitali yenyewe ndio uliowaua askari wengi aliowauguza. Huruma na kukesha havikuwa vimetosha kuwaokoa.

Kutoka Scutari alibeba mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba muuguzi asiyeelewa hewa, maji na usafi ni hatari hata akiwa na moyo mwema. La pili ni kwamba ujuzi bila tabia haufai, kwa maana baadhi ya wauguzi aliokwenda nao walilazimika kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ulevi na utovu wa nidhamu. Mafunzo hayo mawili ndiyo yaliyoizaa shule yake, na la pili ndilo lililomfanya aushuku mtihani.

Shule ya St Thomas

Vita vikiwa bado vinaendelea, Novemba 1855, mkutano wa hadhara ulifanyika London kuanzisha mchango wa kumshukuru. Askari wengi walitoa mshahara wa siku moja. Mfuko wa Nightingale ulikusanya zaidi ya pauni 44,000, fedha nyingi mno kwa wakati huo, nao ukawekwa kwa ajili ya kuwafunza wauguzi.

Shule ilifunguliwa katikati ya mwaka 1860 katika hospitali ya St Thomas, London. Haikukosa wapinzani. John Flint South, daktari mpasuaji mkongwe wa hospitali hiyo hiyo, alikuwa ameshikilia kwamba muuguzi hahitaji mafunzo mengi kuliko mtumishi wa nyumbani.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15. Walitakiwa kuwa na barua ya kuwathibitishia tabia njema, na umri wa kati ya miaka 25 na 35. Kila mmoja alipewa chumba chake cha kulala, chakula, sare, kufuliwa nguo, na posho ya pauni 10 kwa mwaka. Mafunzo yalichukua mwaka mmoja. Wakati huo haikuwa kawaida kwa msichana maskini kulipwa ili asome.

Nightingale mwenyewe hakufundisha darasani. Tangu mwaka 1857 alikuwa mgonjwa, akifanya kazi zake kitandani au chumbani. Aliiendesha shule kwa barua, huku matroni wa St Thomas, Sarah Wardroper, akiwa ndiye msimamizi wa kila siku.

Kipimo cha mwanafunzi kilikuwa fomu iliyojazwa kila mwezi na matroni. Sehemu moja ilihusu tabia: je, mwanafunzi anafika kwa wakati, ni mtulivu, ni mwaminifu, ni msafi wa mwili na mavazi? Sehemu ya pili ilihusu kazi: kufunga vidonda, kuweka ruba, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kutandika kitanda mgonjwa akiwa juu yake, kupika chakula cha wagonjwa, kuingiza hewa safi wodini, kuhudumu wakati wa upasuaji. Juu ya yote, aliangaliwa kama anaweza kumtazama mgonjwa na kueleza sawasawa hali ya ngozi, usingizi, choo, hamu ya chakula na upumuaji wake.

Kila kipengele kilitiwa alama, kuanzia bora hadi sufuri. Aliyemaliza mwaka vyema aliandikwa katika daftari la Mfuko kuwa muuguzi aliyethibitishwa, kisha akapelekwa kazini katika hospitali iliyochaguliwa na Mfuko.

Mpango huo ulionekana kamili kwenye karatasi. Ulikuwa na kasoro kubwa ambayo mwanzilishi wake hakuiona kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1870, Nightingale alipoanza kuichunguza shule kwa karibu, aligundua kwamba wanafunzi walikuwa wakitumiwa kuziba mapengo ya wafanyakazi wodini. Daktari aliyetakiwa kuwafundisha, Richard Whitfield, alikuwa ameyatelekeza masomo kwa muda mrefu na kuzama katika ulevi. Fomu za kila mwezi zilikuwa zikijazwa kwa mazoea. Wanawake waliotoka na jina la shule maarufu kuliko zote walikuwa wamejifundisha wenyewe, kwa kuona na kukosea.

Alichukua hatua. Mahali pa Whitfield paliwekwa daktari John Croft, aliyeandaa mihadhara, orodha ya vitabu na majaribio ya kupima kama wanafunzi wameelewa. Baadaye akaajiriwa sista wa bwenini, aliyewasaidia kurudia masomo jioni na kuwauliza maswali. Nightingale naye alianza kuwaita wanafunzi nyumbani kwake mmoja mmoja, akawahoji na kuandika maoni yake. Kuanzia mwaka 1872 alikuwa akiwaandikia wanafunzi wote waraka wa mawaidha.

Hapo ndipo mwenye kuyatafakari maisha haya anapokumbana na jambo zito. Kama pangekuwa na mtihani uliotungwa na kusahihishwa na watu wa nje, udhaifu wa St Thomas ungejulikana katika mwaka wa kwanza au wa pili. Shule iliyojipima yenyewe ilijipa alama nzuri.

Kosa lingine lilikuwa limemwonya mapema zaidi. Mfuko ulifungua pia mafunzo ya wakunga katika hospitali ya King's College, London. Wodi hiyo ilifungwa mwaka 1867 baada ya homa ya uzazi kuwaua kina mama. Nightingale hakulificha jambo hilo. Alikusanya takwimu za vifo vya uzazi na kuchapisha kitabu mwaka 1871, akionyesha kwamba mara nyingi kujifungulia hospitalini kulikuwa na hatari kuliko nyumbani.

Kazi ya kwanza

Kama kuna sehemu ambayo Nightingale aliwashinda wengi waliokuja baada yake, ni katika kumsindikiza muuguzi mpya kazini. Alijua kwamba miezi ya kwanza ndiyo huvunja watu. Wanafunzi wake walitumwa kwa vikundi, chini ya kiongozi mmoja, ili mgeni asimezwe na mazoea ya zamani ya hospitali alimokwenda.

Mwaka 1865, Agnes Jones alipelekwa Liverpool kusimamia hospitali ya nyumba ya maskini yenye wagonjwa wapatao 1,200. Alikwenda na wauguzi 12 waliofunzwa, kwa ufadhili wa mfanyabiashara William Rathbone. Alikuta wagonjwa wakihudumiwa na maskini wenzao waliokuwa wakilewa na kuiba chakula. Chini ya miaka mitatu aliigeuza hospitali hiyo, lakini Februari 1868 homa ya chawa ilimuua akiwa na miaka 35. Nightingale alilia kama aliyempoteza mwanawe.

Kwa matroni waliokuwa wakianza kazi, alikuwa mlezi wa mbali. Aliwapelekea maua, mayai na nyama kutoka mashambani kwao, aliwaalika kupumzika nyumbani kwake, na aliwaandikia barua ndefu za ushauri kuhusu namna ya kuishi na madaktari wakali na kamati bahili za hospitali.

Lakini malezi hayo yalikuwa na upande wake mchungu, na kisa cha Lucy Osburn chauonyesha. Osburn aliwasili Sydney, Australia, Machi 1868 akiwa na wauguzi watano. Siku chache baadaye Mwanamfalme Alfred, mwana wa Malkia Victoria, alipigwa risasi mjini humo, nao wakashiriki kumuuguza. Osburn alisimulia mambo ya chumba cha mgonjwa katika barua kwa jamaa yake, habari zikasambaa, na Nightingale akakasirika. Tangu hapo imani yake kwa Osburn ilififia.

Wakati huo Osburn alikuwa akipambana peke yake na panya, wadudu, uchafu na wasimamizi waliompiga vita. Mwaka 1873 tume rasmi ya uchunguzi ilimtetea na kuulaumu uongozi wa hospitali. Leo Australia humwenzi kama mwanzilishi wa uuguzi nchini humo. Alikuwa ameanguka katika hukumu ya mtu mmoja aliyekuwa upande wa pili wa dunia, na hakuwa na sajili ya taifa wala baraza la kukatia rufaa.

Vita vya sajili

Kufikia miaka ya 1880 shule za uuguzi zilikuwa zimechipuka kila mahali, kila moja ikiwa na masharti yake. Hospitali moja ilitoa cheti baada ya miezi michache, nyingine baada ya mwaka, nyingine baada ya miaka mitatu. Yeyote aliyenunua sare aliweza kubisha mlango wa mgonjwa na kudai malipo ya muuguzi.

Mwanamke aliyejitokeza kulikomesha jambo hilo alikuwa Ethel Gordon Manson, aliyezaliwa Scotland mwaka 1857 na kuwa matroni wa hospitali ya St Bartholomew's akiwa na miaka 24 tu. Mwaka 1887 aliolewa na daktari Bedford Fenwick na kuacha umatroni. Mwaka huo huo aliongoza kuundwa kwa Chama cha Wauguzi wa Uingereza.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Madaktari walikuwa na sajili yao ya taifa kwa sheria ya mwaka 1858. Wauguzi nao wawe na mafunzo ya miaka mitatu, mtihani mmoja na sajili moja, ili raia ajue ni nani aliyefunzwa na ni nani tapeli.

Nightingale, aliyekuwa anakaribia miaka 70, alijifunga kibwebwe kumpinga. Aliungwa mkono na matroni kadhaa mashuhuri, akiwemo Eva Lückes wa London Hospital. Aliona wakati haujafika, kwa kuwa mafunzo yenyewe yalikuwa bado machanga na yasiyolingana.

Alikuwa na sababu nyingine pia. Mtihani, aliamini, hupima kumbukumbu na ufasaha wa kalamu, wala haumpimi mtu anayemnyanyua mgonjwa saa tisa za usiku bila kunung'unika. Binti wa mashambani mwenye mikono mizuri angeachwa nyuma na msemaji hodari. Isitoshe, jina likishaandikwa katika sajili halifutiki kwa urahisi. Muuguzi aliyefaulu miaka 20 iliyopita angeendelea kuonekana bora hata kama ameacha kujifunza, ama amekuwa mzembe.

Mabishano yalifika mbele ya Baraza la Faragha la Malkia mwaka 1892. Mwaka uliofuata chama cha akina Fenwick kilipewa hati ya kifalme, lakini iliyoruhusu orodha ya wauguzi tu, pasipo sajili yenye nguvu za kisheria. Kila upande ulidai ushindi.

Wakati Uingereza ikivutana, wengine walisonga mbele. Koloni la Rasi, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini, lilianza kuwasajili wauguzi kwa sheria mwaka 1891, likiwa la kwanza duniani, kutokana na juhudi za Sista Henrietta Stockdale wa Kimberley. New Zealand ilipitisha sheria yake mwaka 1901, na jimbo la North Carolina nchini Marekani likafuata mwaka 1903.

Nightingale alikuwa amekwisha kuzeeka. Macho yalipofuka na kumbukumbu ikamtoka. Mwaka 1907 alikuwa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Nishani ya Ustahilifu na mfalme. Alifariki Agosti 13, 1910 akiwa na miaka 90. Familia yake ilikataa azikwe Westminster Abbey pamoja na wakuu wa taifa. Alizikwa East Wellow, Hampshire, na kaburi lake lina herufi mbili tu za jina lake pamoja na tarehe za kuzaliwa na kufa.

Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwasajili wauguzi Desemba 1919. Sajili ilipofunguliwa mwaka 1921, nambari moja ilikuwa ya Ethel Fenwick. Mtihani wa kwanza wa taifa ulifanywa mwaka 1925.

Urithi wa wawili

Kwa juujuu, Fenwick alishinda na Nightingale akashindwa. Ukiuchunguza utaratibu wa leo, utaona kwamba kila mmoja aliacha alama yake.

Nchini Kenya, Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257, inalipa Baraza la Wauguzi mamlaka ya kusimamia mafunzo, kusajili na kutoa leseni. Mtihani wake ni ule ule alioupigania Fenwick: mmoja kwa wote, uwe umesomea Nairobi au Lodwar, uwe mtoto wa waziri au wa mchuuzi wa mboga. Muuguzi wa Kenya anayetaka kufanya kazi Marekani sharti afaulu mtihani uitwao NCLEX, unaofanywa kwa kompyuta, hata kama ana uzoefu wa miaka mingi.

Kwa upande mwingine, leseni ya Kenya haidumu milele. Muuguzi hulazimika kuihuisha na kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza. Hapo malalamiko ya Nightingale kuhusu sajili isiyojua hali ya sasa ya mtu yamepata jibu. Vivyo hivyo, anayeomba kusajiliwa Uingereza hujibu maswali kwa kompyuta, kisha huingia katika mtihani wa vitendo ambapo hutazamwa akimpima mgonjwa, akifunga kidonda na akitoa dawa. Sehemu hiyo ya pili ina harufu ya fomu za St Thomas.

Jambo ambalo bado halijapata jibu ni lile la kazi ya kwanza. Nightingale alihakikisha kwamba aliyethibitishwa anakwenda mahali palipopangwa, pamoja na wenzake, huku kuna mtu wa kumwandikia barua. Nchini mwetu, wapo waliofaulu mtihani na kupata leseni ambao hukaa nyumbani wakingoja kaunti zitangaze nafasi. Wengine huajiriwa na siku hiyo hiyo kuachiwa wodi nzima ya usiku, bila muuguzi mzoefu wa kuwaongoza.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa sasa, maisha ya mwanamke huyu yana faida ya moja kwa moja. Vitabu vinadurusiwa vyema zaidi kando ya kitanda cha mgonjwa. Anayejizoeza kila siku kuitazama ngozi, pumzi na chakula cha mgonjwa, kisha akaandika alichokiona, hukuta maswali mengi ya mtihani yakiulizia mambo aliyokwisha kuyaona kwa macho yake.

Kwa wakuu wa vyuo na hospitali, funzo ni lile la mwaka 1872. Mwanafunzi anayetumiwa kuziba pengo la mfanyakazi hafunzwi, hata chuo kiwe na jina kubwa kiasi gani. Nightingale alipolijua hilo hakulitetea jina lake. Aliibadilisha shule, akaanza upya kuwahoji wanafunzi wake mmoja mmoja.